Sinia la Ustyug

Mgeni rasmi, Mama Galina Pavlovna, fundi wa fedha na mtunza vyombo kutoka mji wa Veliki Ustyug;
Mudiri wa ukumbi wa maonyesho, uliyekubali kukaa mkekani na suti yako;
Majirani wa hapa Abu Hamour, Doha, mliotuazima sufuria;
Na nyinyi wenzetu mliotoka Muaither na Al Wukair asubuhi yote hii ya Ijumaa:

Assalamu alaykum, na Bwana asifiwe. Tumeanza na yote mawili kwa sababu kikundi chetu kina watu wa yote mawili, na mwaka jana tulipoanza na moja tu, chai ilinywewa kimyakimya.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, tuombe radhi mapema kwa mambo mawili. La kwanza ni msomaji wetu. Sauti yake ni ndogo, na tangu alipomaliza shule hajasoma mbele ya watu. Akisita, tumsubiri. Akikohoa, si mafua.

La pili ni mkalimani. Athanas, dereva wa basi letu, ni mtu wa Mufindi, kwenye misitu ya mbao, na alipelekwa kusomea misitu kule Arkhangelsk kwa miaka mitano. Yeye mwenyewe anasema Kirusi chake ni ubao uliopasuliwa vizuri lakini haukupigwa randa. Tumemkataza kuongeza, na zaidi tumemkataza kupunguza.

Kwetu, Mama, mgeni mkubwa hapewi chakula tu, husomewa risala. Kila mmoja wetu amewahi kusimama juani akisikiliza risala, na wengine tulizirai. Ina utaratibu wake: tunakukaribisha, tunajisifu kidogo, tunalalamika kidogo, kisha tunaomba. Mara nyingi huwa tunaomba maji, barabara au bati, na wageni wakubwa wamekwisha kutujua, ndiyo maana wakisikia neno "changamoto" huanza kutazama saa.

Leo tunakuomba usitazame saa. Ombi letu ni moja. Linahusu sinia lako la fedha, hilo lililo mbele yako chini ya kitambaa cheupe, na linamhusu mlinzi wetu Benard, aliyekaa pale mlangoni na ambaye ana tiketi ya kurudishwa kwao Jumapili. Tulikuomba uje na sinia, na hukutuuliza kwa nini. Ahsante kwa kutouliza.

SISI NI NANI

Sisi ni walinzi, wafanya usafi, madereva, watu wa tiketi na watu wa mitambo wa ukumbi wenu wa maonyesho. Tumetoka Kenya na Tanzania, Bara na Visiwani. Hatuna ofisi wala muhuri. Tunakutana saa kumi jioni nyuma ya ukumbi, penye kivuli cha matangi ya maji, kila mtu na kikombe chake cha karak, chai ya maziwa ya huku, na kwa sababu hiyo tunajiita Chai ya Saa Kumi. Mwenyekiti hatuna, maana kila tuliyemchagua alipata uhamisho. Katibu tunaye, naye ni Joram, anayeangalia skrini na nyaya za ukumbi, na ndiye aliyeandika haya.

MJI WAKO KAMA TULIVYOUELEWA

Mgeni rasmi, wiki sita tumekaa ndani ya mji wako. Mlileta picha zake kubwa kuliko mlango, mkazipanga ukutani: mto, ukingo wa mto, makanisa meupe yamejipanga yakitazama maji, nyumba za mbao zenye madirisha yaliyotiwa nakshi. Mlinzi akisimama kwa saa nane mbele ya picha moja, ama ataichukia ama atahamia humo. Sisi tulihamia. Kwa hiyo tunaomba tukusomee historia ya kwenu, utusahihishe tukikosea, kama tunavyowasahihisha wageni wanaotuambia Zanzibar iko Afrika Magharibi.

Mji wako una zaidi ya miaka mia nane. Jina Ustyug maana yake ni mdomo wa mto Yug. Mto Yug unakuja na jina lake, mto Sukhona unakuja na jina lake, inakutana hapo kwenu, na kuanzia hapo yote miwili inaitwa Dvina ya Kaskazini mpaka baharini. Rael wa dawati la tiketi aliposikia hayo alipiga meza. "Si ni kama sisi tu! Nyumbani uko na kabila na ukoo na jina la shosho wako. Ukifika Doha, wote tunaitwa Afriki."

Zamani, kama miaka mia nne iliyopita, Waingereza na Waholanzi walitia nanga Bahari Nyeupe, na shehena zao zikapandishwa kwa mto hadi kwenu, njiani kuelekea Moscow. Manyoya ya Siberia nayo yakapita kwenu. Mji ukanona, ukaitwa Veliki, yaani Mkuu. Kisha mfalme akajenga mji mpya kwenye bahari nyingine, na biashara ikamfuata mfalme. Ustyug ukabaki na makanisa yake, na mto wake, na jina kubwa lililokuwa limekwisha kuandikwa. Sisi tumeona miji ya namna hiyo kwetu, na mingi imenuna mpaka leo. Athanas anasema wa kwenu haukununa. Ulikaa ukaendelea kuchonga.

Mji wako pia uliwatoa watu waliokwenda mbali mno. Mnamhesabu kuwa wenu yule baharia Dezhnev, aliyezunguka ncha ya mwisho ya Asia kabla ramani haijajua kwamba ina mwisho, na sanamu yake mmeisimamisha mjini. Tulipoitazama picha ya sanamu hiyo, Mama, hatukumfikiria baharia. Tulimfikiria mtu aliyebaki nyumbani kwake, akiuliza kila msafiri kama kuna habari. Sisi mtu huyo tunamjua. Tunamwacha nyumbani kila likizo inapokwisha.

Halafu kuna Prokopi. Huyu tumempenda wote, na tunajua si kawaida kwa kikundi chetu kupenda kitu wote. Mnasimulia kwamba alikuwa mfanyabiashara mgeni, kutoka nchi za Wajerumani, akaja kwenu, akagawa mali yake yote, akawa anatembea na matambara kwenye baridi ile. Watu walimwona mwendawazimu. Naye alikuwa akikaa juu ya jiwe ukingoni mwa mto akiwaombea wote waliokuwa majini. Leo ndiye mtakatifu wa mji. Waislamu na Wakristo wa Chai ya Saa Kumi tulikubaliana kwa sauti moja kwamba mtu anayekaa juani au barafuni akiwaombea wasafiri haulizwi cheti. Na tulipenda zaidi kwamba alikuwa mgeni. Mji uliomcheka mgeni ndio huo huo uliokuja kumpenda kuliko wenyeji.

Babu Baridi wenu, yule mzee wa theluji ambaye watoto wa Urusi yote humwandikia barua kwenu Ustyug, tunamsalimu. Tunamshauri tu asije Doha mwezi wa Agosti.

Lakini mji haujulikani kwa sherehe zake, hujulikana kwa shida zake. Athanas alifika kwenu mwaka 2016, mwezi wa Aprili, kumtembelea mwanafunzi mwenzake, na akaukuta mto unavunja barafu. Anasema barafu haiondoki kwa adabu. Inapasuka kwa kishindo, inakuja vipande vikubwa kama kuta, na vikikwama kwenye kona vinauziba mto, na maji yanayokuja nyuma yanageukia mjini. Mwaka ule yaligeukia mjini. Mwenyeji wake, bibi wa miaka themanini, aliwapandisha kuku darini, akapandisha viazi vya mbegu, akapandisha birika, akakaa juu akimimina chai huku maji yakiingia sebuleni. Athanas alimuuliza, "Bibi, huogopi?" Akamjibu, "Naogopa kila mwaka. Kunywa." Maji yalipotoka walisugua kuta, wakapanda viazi vile vile.

Huo ndio mji wako kama tulivyouelewa. Kama tumekosea, kosa ni la Athanas.

MAFANIKIO

Kwa wiki hizi sita tumepata mafanikio yafuatayo. Hakuna kilichoibwa. Hakuna mtoto wa shule aliyepotea, isipokuwa mmoja aliyepatikana amelala chini ya picha ya mto. Rael amejifunza kusema "karibuni" kwa lugha tano. Na Benard, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama tu, alijifunza habari za Prokopi zote, akawa anawasimulia wageni kwa Kiingereza na Kiswahili na kwa Kiarabu cha mikono, mpaka familia zikawa zinarudi na jamaa zao zikimuuliza yule mlinzi wa hadithi yuko wapi. Kila asubuhi alikupigia saluti na kukutakia asubuhi njema kwa Kirusi, "dobroye utro," na wewe ulikuwa ukimsahihisha matamshi na kumpa biskuti. Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita hajasimama mlangoni pako. Tunajua umeona.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tulikuwa na changamoto saba. Joram alikuwa amezipanga kwa namba: basi kuchelewa, wali wa kantini, kiyoyozi cha lango la pili, na kadhalika. Juzi Jumatano, tukiwa kwenye chai, Mwanamkuu alisema jambo. Joram akatoa kalamu akafuta sita. Hii ndiyo iliyobaki, na tunaisimulia kama mwenyewe alivyotusimulia.

Mwanamkuu ni mtu wa Wete, Pemba. Ni mfanya usafi wa ukumbi, na huenda humkumbuki, maana mfanya usafi hodari haonekani yeye, huonekana sakafu. Amelelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa na vitu vitatu vya fedha, basi: mrashi wa kunyunyizia marashi, chetezo cha ubani na kisahani cha tambuu. Kila mwezi wa Shaaban, Ramadhani ikikaribia, Mwanamkuu alikalishwa uani na majivu na ndimu, akasugua mpaka aone meno yake ndani ya kisahani. Bibi alikuwa na neno lake: fedha ikionekana nyeusi, jirani anajua nyumba hiyo ina mgonjwa au ina mvivu.

Sasa, Mama, wiki ya tano uliugua. Mtu aliyezaliwa kwenye theluji alilazwa na kiyoyozi cha Doha. Tulicheka, kisha tukaona haya, tukakuletea tangawizi. Siku tatu hukuja. Siku ya kwanza, kabla milango haijafunguliwa, Mwanamkuu alikuwa akifuta vumbi meza yako ya ufundi, na Benard alikuwa amefungua mtoto wa meza kuhakikisha vifaa vyako vyote vipo. Ndipo Mwanamkuu alipoliona sinia lako kwa karibu. Lilikuwa na weusi kutoka kona hadi kona.

Utauliza, wiki tano ndani ya ukumbi, hakujua kwamba weusi ule ndio kazi yenyewe? Hakujua. Zamu yake ya asubuhi huishia pale wageni wanapoingia, kwa hiyo hakuwahi kukusikia ukieleza jinsi fundi anavyochonga mistari, akaijaza unga mweusi, akautia moto ukayeyuka ukashikamana na fedha. Na Athanas kwenye chai alitusimulia mto na barafu na kuku, fedha hakuigusa, kwa kuwa yeye alisomea miti. Vile vyombo vya zamani vya kwenye vioo Mwanamkuu aliviona vyeusi pia, lakini alijiambia vile ni vya marehemu, viachwe kama walivyoviacha. Hili lilikuwa la mtu aliye hai. Mtu huyo ni mgonjwa, yuko mbali na kwao, na hana wa kumsugulia. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

"Benard, mwanangu, hebu n'patie hicho chombo cha mgonjwa nikakifute."

"Chukua, Mama, lakini usikawie nacho. Boss akipita akikosa kukiona hapa ni noma."

Benard alidhani ni kufuta vumbi. Mwanamkuu alikwenda nalo chumba cha ndoo. Alikuwa na majivu ya chetezo, aliyoyaleta kutoka chumbani kwake kwa kazi ya kung'arisha mabomba, na ndimu alipewa kantini. Siku ya kwanza weusi ulikataa, naye akafurahi, kwa kuwa uchafu wa zamani una ukaidi na yeye anaupenda ukaidi. Alilirudisha. Siku ya pili akalichukua tena, akaongeza ndimu, akaongeza mkono. Kona ya chini, palipochorwa mto, weusi ukaanza kulegea. Ukawa kijivu. Ukaisha. Akayaona meno yake. Alitabasamu, Mama. Alilirudisha mahali pake akasema bismillahi, akaona amekufanyia wema.

Alhamisi ulirudi. Ulifungua mtoto wa meza mbele ya wafanyakazi, kabla wageni hawajaingia, ukatoa sinia. Hukupiga kelele. Ulikaa, ukapitisha kidole pale palipokuwa na mto, ukasema neno moja kwa Kirusi, na Athanas aliyekuwa karibu akalitafsiri bila kuombwa. Ulisema, "La mama." Hivyo ndivyo tulivyojua limechongwa na mama yako.

Msimamizi akauliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Benard akasema ni kwake. Akaulizwa nani alishika sinia. Akarudia kwamba ufunguo ni wake. Mwanamkuu alikuwa hatua tatu kutoka pale, anapiga deki. Alifungua mdomo. Anatuambia mdomo ulifunguka kabisa, ila sauti haikuja, na Benard akamtazama akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mtoto asivuke barabara. Benard akaondolewa langoni. Jioni yake akapewa tarehe ya safari.

Siku sita Mwanamkuu alinyamaza. Tuliona anapiga deki sakafu moja mara mbili. Tuliona anagawa chakula chake. Tulidhani kuna msiba kwao, tukawa tunamwambia pole, na kila pole ilikuwa inamchoma. Jumatano ndipo alipoweka kikombe chini.

"Ni mie," akasema. "Sinia nimelisugua mie. Benard hana hatia."

Rael alisimama. "Ati nini? Na umekaa tu hivyo, Mama, na huyu ashapewa tiketi?"

"Sauti ilinikimbia, mwanangu. Na kila siku n'kisema leo, n'naona watoto wangu."

Benard akasema, "Mimi nilijua kitambo. Wacheni hiyo story. Mama ako na watoto wanne wanasoma. Mimi niko solo. Nitarudi Busia nifuge kuku."

Hapo Mwanamkuu alikasirika, na ndiyo hasira ya kwanza tuliyomwona nayo. "Kuku gani? We ukale kuku wako Busia, na mie hapa kila tonge linikwame? Umenihurumia au umenilaani?"

Tukaanza kujibu wote. Wako waliosema tuwe wapole, mambo yapite, maonyesho yanafungwa Jumamosi. Wako waliosema tuandike barua isiyo na jina. Ni Athanas aliyetutuliza. Alisema, "Mimi niliona barafu ikikwama. Haimdhuru aliyeikwamisha. Maji yanazunguka yanaingia nyumba ya mtu ambaye hayumo katika jambo hilo." Tukamtazama Benard, ambaye hayumo. Basi tukakubaliana. Joram na Rael na Athanas wakaenda kwa mudiri, wakamuuliza tu, bila kutaja mtu, jambo hili linaweza kufutwa na nani. Mudiri, uko hapa, tunayarudia maneno yako kama ulivyoyasema: "Mwenye kitu akisema hana neno na mlinzi, na mimi sina neno naye. Imekwisha, khalas." Walikuwa watatu waliosikia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeufunua, tena mbele ya wageni.

OMBI

Mgeni rasmi, hatukuombi useme kwamba sinia halikuharibika. Limeharibika. Mto ule ulichongwa na mkono wa mama yako, na mkono huo haurudi. Hatutaki kukuambia ni kitu kidogo. Watu walio mbali na mama zao hawawezi kusema hivyo.

Tunaomba neno moja kwa mudiri, leo, kabla ya chai: kwamba Benard hana kosa. Ufunguo ulikuwa wake na moyo ulikuwa wake, kosa halikuwa lake. Kosa ni la Mwanamkuu. Yumo humu ndani, hajakimbia, na utamjua kabla hatujamaliza. Lolote utakalotaka liandikwe juu yake, liandikwe, naye atalitia sahihi. Amesema hivyo na watoto wake wanne akiwa amewahesabu.

Kuna jambo jingine, na hili si ombi, ni tamaa yetu tu. Wiki ya pili, uliwaambia wanafunzi kwamba kuna wakati kwenu alibaki fundi mzee mmoja tu mwenye siri ya weusi. Ingekufa naye. Akaamua kufundisha, na wengi waliofundishwa walikuwa wanawake, ndipo kazi ikafika kwa mama yako na kwako. Mwanafunzi mmoja akakuuliza, weusi ukitoka inakuwaje? Benard alikuwepo, anakumbuka jibu lako. Ulisema mistari ikiwa bado ipo, hujazwa tena, ikarudishwa motoni.

Tumelitazama sinia, Mama, na tunaomba radhi kwa kulitazama. Mistari bado ipo. Ni myembamba, lakini kidole kinaisikia. Kesho ni siku ya mwisho ya meza yako ya ufundi, na jiko lako dogo bado halijafungwa sandukuni. Mwanamkuu anataka kukaa chini yako kama mwanafunzi kesho asubuhi, ashike anachoambiwa ashike, mikono iliyoutoa mto ule ione jinsi mto unavyorudi. Ukikataa ataelewa. Amesugua maishani mwake vitu vingi, anasema, na hajawahi kurudisha hata kimoja.

KUHITIMISHA

Sasa tunakuomba ufunue kitambaa.

Hivyo vilivyo juu ya sinia lako ni visheti. Vimekaangwa leo alfajiri, vimepigwa sukari, na Mwanamkuu ndiye aliyevikaanga. Tulikuomba sinia lako ulipoingia mlangoni, tukakurudishia limefunikwa, nawe tena hukuuliza. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kwao kitupu. Kinaweza kurudi na ufa, kinaweza kurudi kimechelewa, lakini kitupu hakirudi. Kula kimoja, na kimoja umpe mudiri, maana tangu tulipotaja khalas amekuwa akikitazama kitambaa.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwenu salama, ufike na afya na uikute nyumba yako kavu. Barafu ya mwaka huu ipite Ustyug usiku mmoja, bila kukwama, na kuku wasipande dari. Walio majini waombewe, na walio mbali na kwao waombewe, wa kwenu na wa kwetu. Na ukipita karibu na lile jiwe la Prokopi ukingoni, utusalimie. Mwambie Doha kuna wageni wenzake.

Ni sisi, Chai ya Saa Kumi, Doha.

Risala hii imeandikwa na Joram, katibu.

Imetafsiriwa na Athanas, hakuongeza wala hakupunguza.

Na aliyesimama mbele yako akiisoma tangu neno la kwanza, kwa kutaka kwake mwenyewe, sauti ikiwa imemrudia, ni Mwanamkuu wa Wete.